Onja Kwanza

Jiwe la kwanza lilipiga bati, la pili likampata mbuzi, na hapo Warda akajua kwamba Chanceline amekufa.

Alikuwa uani kwao Minago, yeye na mama yake, wakianika mizizi juu ya mkeka. Kulthumu, mama yake, aliinua kichwa akasikiliza kelele zilizokuwa zinapanda kutoka barabara ya ziwani. "Murozi! Murozi!" Ndivyo wanavyomwita mtu anayeua kwa sumu, na ukisikia umati unalitaja neno hilo mchana kweupe, huulizi anatafutwa nani, unakimbia. Lakini Kulthumu alikuwa amewazalisha mama za nusu ya hao waliokuwa wakipiga kelele. Kiburi chake hakikumruhusu kuwakimbia watu aliowakata kitovu.

"Ulionja?" akamwuliza binti yake.

Warda aliinamia mizizi.

"Warda! Ulionja mbele yao?"

"Mama, ningeonjaje?"

Hapo ndipo penye kisa chote. Katika ukoo wa Kulthumu, tangu enzi za bibi aliyevuka ziwa kutoka Kongo, mwanamke anayetoa dawa huinywa kwanza yeye mwenyewe mbele ya ndugu wa mgonjwa, wote wakiliona koo lake likiteremka. Asipoonja, hakuna anayepokea. Watu wa pwani hii wanaogopa sumu kuliko mamba, na desturi hiyo ndiyo iliyowaweka hai wanawake wa nyumba ile. Asubuhi hiyo Kulthumu alikuwa Gatete kuchimba mizizi, na walipokuja kuomba msaada ikabidi aende Warda. Chanceline alikuwa amejifungua, mtoto analia vizuri, ila kondo la nyuma limegoma kutoka na damu haikatiki. Dawa ilikuwa moja tu, ile ya kusukuma. Nayo inasukuma chochote kilichomo tumboni. Warda, baada ya kuharibikiwa mara mbili, alikuwa na mimba changa ambayo aliificha hata kwa mashoga zake, kama wanavyofanya wanawake wote mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Mama yake alijua, na mumewe Shafii, ambaye siku hiyo alikuwa Magara kwa wachuuzi wa samaki. Basi akamnywesha Chanceline bila kuonja. Kwa wasiwasi wa siku ile hakuna aliyemzuia. Kondo likatoka, damu ikaendelea, akawasihi wamkimbize hospitali. Wanaume wakasimama wakabishana kama abebwe kwa pikipiki au kwa machela, mpaka jua likawa kali. Walipombeba hatimaye, Warda alirudi nyumbani, kibuyu cha dawa akikiacha kule.

Lango la mabati likaangushwa kwa mateke. Mbele alikuwa Josias, mume wa Chanceline, panga mkono huu, kibuyu cha dawa mkono huu. Nyuma yake walikuja wakamua mawese, vijana wa pikipiki, na wengine ambao hata jina la marehemu hawakulijua ila walisikia kuna mtu anakwenda kupigwa. Watu wa namna hiyo hawakosekani popote.

"Kila mutu iko anajua munaonja," Josias alisema, sauti imemkauka kwa kulia. "Leo mbona hukuonja?"

"Niko na mimba."

Umati ukaangua kicheko. "Mimba ya leo!" kijana mmoja akapiga kelele, na jiwe likampata Warda juu ya sikio. Akapiga magoti, mikono yote miwili tumboni.

"Leteni nikunywe miye!" Kulthumu akasema.

"Hapana weye. Yeye. Kama iko dawa, atapona. Kama iko sumu, afe."

Kulthumu hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Akachukua mchi kwenye kinu akampiga Josias nao mdomoni, meno yakaruka na damu yake. Wakamwangukia wote. Mtu akamkanyaga mgongoni, mwingine akamvuta kwa nywele, panga likashuka, akaukinga uso kwa mkono wa kulia. Warda aliuona mfupa wa mama yake, mweupe, kabla damu haijaufunika. Josias akainuka, damu ikimtiririka kidevuni, akaliweka panga lake shingoni mwa Kulthumu.

"Kunywa, ao namumalizia hapa."

Ndipo umati ukampisha Consolée, mama mzazi wa Chanceline. Kitenge chake kilikuwa kimelowa damu ya mwanawe. Alikichukua kile kibuyu, akakinusa. Aliijua harufu ile. Alikwisha kuinywa mwenyewe zamani, kutoka mkono wa Kulthumu huyuhuyu. Akamtazama Warda, mikono yake ilivyoshika tumbo, na Warda akaona waziwazi kwamba mama huyu ameelewa.

"Mama Consolée, uwaambie," Warda alilia. "Weye unaijua. Uwaambie!"

Ilitosha neno moja. Wanaume wote walikuwa wanamngojea yeye, mwenye msiba.

"Anywe," Consolée akasema.

Warda aliitazama shingo ya mama yake chini ya panga. Akasema bismillahi, akakipokea kibuyu, akakinywa chote.

Wakangoja. Wakangoja, naye hakufa. Panga la Josias likashuka, kisha likaanguka, akaketi mavumbini akalia kama mtoto. Wengine wakaanza kuangalia miguu yao. "Mutusamehe, maman," mmoja akanong'ona, na wawili wakaliinua lango walilolibomoa, wakaliegemeza vizuri ukutani kabla ya kwenda zao. Adabu iliwarudia wakati huo!

Maumivu yalianza kabla mavumbi hayajatulia. Yalimkunja Warda mkekani juu ya mizizi iliyotapakaa, na damu ikaja nyingi, na pamoja na damu kikatoka kile alichokuwa amekificha kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Kulthumu alitambaa hadi kwake, mkono umefungwa kwa mtandio, vidole havishiki kitu. Hakuna jirani aliyethubutu kuingia. Aliyebaki uani ni Consolée peke yake, amesimama palepale.

"Majani yaliyo kwenye chungu cheusi," Kulthumu akamwambia bila kumtazama. "Yale ya kukata damu. Chemsha."

Consolée alichemsha. Akaja na kikombe, akapiga magoti, akakinyoosha kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu."

Warda hakuwa na nguvu za kuinua kichwa, lakini aliyafunga meno yake.

"Onja kwanza," akasema.

Consolée akapiga funda, koo likateremka, machozi yakiingia kikombeni. Akafungua kinywa kuonyesha kwamba amemeza.

Warda alimtazama.

"Tena," akasema.