Rimu za Mkwe

Rimu za vani ya Mwinyihaji zilikuwa zimeliwa na kutu hadi fundi Kazungu akakataa kuzigonga tena. "Leo nikizigonga, kesho unazikwa," alisema. Hapo gereji kwake, Magogoni, alikuwa na nne za chuma, nzito, mbaya za sura, zilizotoka kwenye vani kama ile ile. Mwinyihaji akamwambia amwekee.

Jioni hiyo mkwewe, Mzee Mwidani, akafika na kushusha rimu nne zinazong'aa kama sufuria mpya. Alikuwa amezifungua kwenye gari lake dogo la kutembelea, lililokwisha kufa injini.

"Mwanarehema!"

"Abee, baba."

"Mwambie mumeo asihangaike. Mkwewe yuko hai."

Mwanarehema alizitazama. Alimjua babake. Akitoa kitu ametoa. Ukikirudisha, umemtukana mbele ya watu.

Asubuhi, gerejini, Kazungu aliigeuza moja, akawaonyesha mume na mke nambari zilizogongwa ndani. "Matundu ya nati yanalingana, sikatai. Lakini mwisho wa kubeba wa hii ni kilo mia nne na hamsini. Ukijaza viazi, kila gurudumu la nyuma linabeba zaidi ya mia sita. Hizi ni za kupeleka bibi harusi, bwana, si magunia."

Mwinyihaji akacheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni.

"Mrudishie," Mwanarehema alimwambia walipofika nyumbani.

"Aliyenipa binti yake, nimwambie zawadi yake haifai?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Atajua nimekutuma."

Alikwenda hata hivyo. Babake alikuwa barazani na wenzake. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akawageukia. "Mnamsikia? Nimeshika usukani huyu hajazaliwa, leo aja kunisomesha magurudumu!" Wakaangua kicheko. Mwanarehema akajivutia buibui usoni, akarudi zake.

Rimu zikafungwa. Mwinyihaji aliapa kubeba nusu ya mzigo, na wallahi alibeba nusu, hadi Ramadhani ilipokaribia na wenye maduka wa Mtwapa wakataka viazi kwa pupa. Akishapakia sokoni Kongowea hupita nyumbani kunywa chai, na Mwanarehema husimama mlangoni akiangalia vani ilivyolala nyuma.

"Imezidi leo."

"Gunia mbili tu, mke wangu."

Kila siku zilikuwa mbili tu.

Rimu ya nyuma ilipasuka wiki ile ya kuandama mwezi, kwenye mteremko wa kushukia daraja la Mtwapa. Vani ikabiringika. Hospitalini wakamkata Mwinyihaji mguu wa kulia, juu ya goti.

Mzee Mwidani alikuja kumtazama. Aliketi, akakohoa. "Barabara ile, mwanangu, ni mashimo matupu."

"Ndiyo, baba," Mwinyihaji akajibu, macho darini. "Mashimo."

"Usivunjike moyo. Zile rimu tatu zimetoka nzima. Ukijaliwa gari jingine, zipo."

"Ahsante, baba."

Mwanarehema alimtazama mumewe usoni, akitafuta japo hasira. Hakuiona. Basi hata sasa hakuna atakayesema. Akainuka kuwahi nyumbani, maana babake angefuturu kwake, na muhogo ulikuwa haujamenywa.