Sufuria ya Uongo Haiungui

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kukesha wodi ya watoto. Kule mwenye njaa ndiye asiyetaka kujulikana. Mwenye shibe anamtafuta kitanda kwa kitanda, naye anamjibu kwa tabasamu pana: tumeshakula, dada, tumeshiba mpaka basi.

Ndiyo maana afisa ustawi wa wodi ile, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikuwa ameacha zamani kuwauliza watu kama wana chakula. Kazi yake ilikuwa kuwakutanisha wazazi wa watoto waliolazwa na watu wa kuwashika mkono: jiko la akina mama lililoko nyuma ya hospitali, shule zinazotoa uji, vikundi vya mitaani vinavyogawa unga. Lakini utamsaidiaje mtu anayekuapia kuwa ameshiba? Basi alikaa ukingoni mwa kitanda na kuuliza swali moja tu: mara ya mwisho nyumbani mlipika nini, na kilitokaje? Akina mama wakambandika jina, Dada Sufuria.

Ujanja wote ulikuwa kwenye kile "kilitokaje". Aliyepika kweli hulalamika. Atakuambia kuni zilikuwa mbichi, chumvi ilizidi, mtoto alilia akaenda kumbembeleza, kurudi kakuta ukoko. Asiyepika atakupakulia wali mweupe uliochambuka punje kwa punje. Sufuria ya uongo haiungui.

Na sufuria ya mama wa kitanda cha dirishani haikuwahi kuungua hata siku moja.

Alikuwa fundi cherehani, mtu wa kujipenda, nguo imekaa mwilini kama imemwagwa. Asiposhona hali, na cherehani ilikuwa imefunikwa shuka tangu bintiye aingie wodini na homa ya mapafu. Binti mwenyewe alikuwa na miaka mitano, lakini wauguzi walimwita Shangazi, maana alimwamuru kila mtu, daktari akiwemo. Homa ilikuwa imekwisha na kifua kimefunguka. Uzito tu ndio uligoma. Sahani yake ilirudi tupu kila mlo, na muuguzi alishangaa kwamba mtoto anayekula kama mchwa ananenepa kama uzi. Daktari akakata shauri: kesho uzito ukiwa pale pale, atalishwa kwa mpira wa puani. Shangazi alikuwa ameuona mpira huo kwa mtoto wa jirani. Sindano alizitukana, lakini mpira ule ulimnyamazisha.

Mchana huo Dada Sufuria akaketi pale dirishani na swali lake. Fundi akajibu bila kupepesa kwamba jana bibi wa watoto wake alipika wali na maharage nyumbani, maharage laini kama siagi. Na yeye mwenyewe je, amekula wapi? Kantini, akasema.

Shangazi akasimamisha kijiko hewani.

"Mama, si unakula na mimi? Kijiko changu, kijiko chako." Kisha akamgeukia Dada Sufuria, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni: "Nikila peke yangu, tumbo lake linalia. Mimi nalisikia."

Fundi alimziba mwanawe mdomo, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Uso ulimshuka.

"Mimi si ombaomba, dada," akasema taratibu. "Mikono hii imevalisha maharusi wa nusu ya mtaa."

Dada Sufuria alitamani kumkumbatia. Badala yake akamkaribia sikioni na kumwambia neno kali, kwa sababu siku ilikuwa inakwenda.

"Mama, sahani hiyo imepimwa kwa tumbo moja. Ukikataa kwenda kula kule jiko la akina mama, kesho mpira hawakuwekei wewe."

Fundi akamtazama mtoto wake puani, akatazama mbali. Hapo mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa akijifanya anakunja shuka, akaguna na kujifunga kanga vizuri. Jirani, akasema, hata sufuria yangu mimi ni ya mdomoni tu. Inuka twende, tukaone kama hao wapishi wanajua chumvi.

Wakaenda. Pale jikoni mpishi aliwapokea kwa kuwagombeza kwamba wamechelewa, amebakiwa na wali wa chini ya sufuria. Fundi akaonja, akatafuna, akakunja pua.

"Wali wako umeungua."

Dada Sufuria nusura alie kwa furaha. Mtu anayelaumu chakula ameanza kula. Na sahani haijaisha, ukweli wote ukawa mezani: bibi na wajukuu wawili nyumbani, chai kavu asubuhi, chai kavu jioni. Dada Sufuria akauliza kama anaweza kumpigia simu kiongozi wa kikundi cha mtaani kwao. Fundi akatikisa kichwa kukubali, mdomo umejaa. Kabla jua halijazama, bibi alikuwa amebandika maharage, naye alipopiga simu alilalamika kwamba hayaivi upesi. Hakuna salamu iliyowahi kumfurahisha Dada Sufuria kama ile.

Daktari alipoelezwa kwamba sahani ile ilikuwa ya watu wawili, alikuna kichwa, akauweka mpira kando wangojee kwanza. Hawakungoja sana. Asubuhi moja mshale wa mizani ukasogea, na muuguzi akapiga kigelegele kidogo cha kuibia.

Fundi akampakata bintiye, akajitia kununa mbele ya wote.

"Sasa wewe Shangazi, umeniumbua mbele za watu. Niombe radhi."

Mtoto aliinamisha kichwa, akaweka sikio kwenye tumbo la mama yake, akasikiliza kwa makini kama daktari. Kimya. Akarudi kwenye uji wake.

"Siombi."