Figo ya Landy

Jumatatu hiyo Doña Nidia alikuwa amepika maharage na nyama ya nguruwe kama kila nyumba ya kijiji, na binti zake wawili waliobaki walikuwepo wote. Zamani jambo hilo lingemfurahisha. Siku hizi Addy hakuwa akija kutoka mjini Mérida bila sindano ya kutolea damu mkobani, na Landy aligusagusa tu chakula.

Addy alibonyeza mguu wa mdogo wake. Kidole kikaacha shimo.

"Miguu gani hii, mdogo wangu? Kama ya shangazi Eulogia."

"Shangazi ana figo mbili," Landy alisema. "Usinipandishe cheo."

Figo yake ya pili ilikuwa tumboni mwa mama yao. Kisukari kilipommaliza Doña Nidia figo, akawa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu, Landy alijitolea. Madaktari walisita, maana ugonjwa umeenea ukoo mzima. Je, kesho na yeye akiupata? Addy alikuwa anafanya kazi kwenye maabara iliyotafuta jeni zinazofanya figo za wenye kisukari zife haraka. Akafanya alichokatazwa. Akachungulia majibu ya damu ya mdogo wake, kisha akamwambia: jeni mbaya huna, hata kisukari kikija utazeeka na figo yako. Landy hakuuliza ni damu ipi. Alidhani ni ile aliyotolewa hospitali. Akaenda kupasuliwa huku anatania wauguzi.

Kisukari kilimjia Landy na mimba, na mimba ilipotoka chenyewe kikabaki. Figo iliyobaki ilikuwa inakufa mbio.

"Unatuharibia kazi, ujue," Addy alisema, akimfunga mpira mkononi. "Wote wasio na ile jeni wanakwenda taratibu, wewe peke yako unakimbia. Hebu nipe damu nyingine tuipime upya."

"Ya kwanza niliwapa lini?"

"Si ile ya shuleni? Siku watafiti wetu walipokuja hapa kijijini."

"Mimi? Labda umenisahau, dada. Mimi nilikuwa Cancún nasafisha vyumba vya watalii."

Doña Nidia alikuwa anageuza mkate wa mahindi. Uliungua mbele ya macho yake asiutoe.

"Alikwenda Mirna," alisema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Nyumba ilishaahidi. Wageni wametoka mbali, jina la Landy linaitwa, hayupo. Ningefanyaje? Nikamtuma Mirna."

Ndivyo walivyoishi. Zamu ya kufyeka barabara ikifika na mwenyewe hayupo, anakwenda ndugu, anaitikia jina lile lile, na kazi inahesabiwa. Hakuna aliyewahi kuuliza panga limeshikwa na mkono wa nani. Mirna, binti wa kati, aliitika "Landy", akanyoosha mkono, akarudi na mfuko wa unga. Mwaka uliofuata lori liligonga pikipiki yake. Siku Addy alipoleta habari za damu safi, Doña Nidia alikuwa hoi, na alichosikia ni kwamba atapona.

"Basi jeni haikukosea," Addy alisema polepole, kwa sauti yake ya kazini. Kisha akajiziba mdomo.

"Kwa hiyo mimi ninayo," Landy alisema.

"Mpaka tupime."

"Dada. Usinifanye mtoto."

Addy alikaa chini sakafuni. "Nadhani unayo."

"Na damu nzuri tulimzika nayo Mirna."

Hasira zingekuwa nafuu, lakini Landy hakukasirika. Alifungua ule mpira mwenyewe, akausugua mkono.

Doña Nidia aliacha jiko, akapiga magoti mbele yake, akashika tumbo lake mwenyewe, chini upande wa kulia, palipo na kovu. "Itoeni. Addy, waambie wenzako waje waitoe, wamrudishie mwenyewe. Mimi nimeshaishi."

"Haitoki, mama," Addy alisema. "Imeshashikana na mwili wako. Ikitolewa, Landy haitamfaa tena, na wewe utakufa bure."

Doña Nidia akaangua kilio, na kilikuwa kilio cha kweli. Mwanawe alikuwa anakwisha kwa mkono wake. Lakini kabla machozi hayajaja, Addy aliposema haitoki, mama alishusha pumzi na mabega yakamshuka, kama mtu aliyeponea chupuchupu. Aliona aibu mpaka moyoni. Alipoinua uso, Landy alikuwa anamtazama, na alikuwa ameona.