Kasha Lililobana Kiunoni

Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, na mvua ilikuwa ikinyesha bila haraka, kama kibarua asiyesimamiwa.

Katika chumba cha mbele, ambacho siku za kazi kilikuwa karakana ya ushonaji, Kitindamimba alipiga magoti mbele ya kasha tupu la kompyuta. Vipande vyake vilikuwa vimepangwa juu ya shuka safi. Kabla ya saa kumi mashine ilipaswa iwe imewaka na yeye awe ndani ya mchezo. La sivyo, nafasi ya mwisho katika timu ya mtaa ingekwenda kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Kinyozi alikwisha kuwasha yake, na sasa alikuwa akinyoa mteja huku jicho moja likiwa kwenye skrini.

"Nahodha hana dada," alisema kaka yake, ambaye ndiye nahodha, akiwa amejilaza kwenye kochi. "Saa kumi ni saa kumi."

"Na kochi si ofisi, kaka. Inuka, umelalia skrubu zangu."

Kitindamimba alikuwa amechagua kila kipande kwa makini. Prosesa ilikaa katika tundu lake bila kusukumwa. Kumbukumbu zilikuwa za aina ambayo ubao mkuu wa kompyuta unaikubali. Pawa saplai ilikuwa na nguvu ya kuvilisha vyote na kubakiza. Ilibaki kadi ya picha, kipande kirefu kuliko vyote, ambacho kazi yake ni kuuchora mchezo kwenye skrini. Aliishusha taratibu. Ikagonga feni iliyofungwa mbele, ndani ya kasha. Akaiinamisha upande. Ikagonga tena.

"Haiingii."

"Iambie ibane tumbo," alisema kaka.

"Mama! Ulisema kasha hili lina sentimita ngapi kwa ndani?"

Mama, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulivaa mishono yake, hakuinua macho kutoka kwenye cherehani iliyokuwa ikinguruma. "Thelathini na nne."

Kitindamimba alichukua rula. "Rula inasema thelathini na mbili."

"Rula haijakosea. Thelathini na mbili, na mbili za kujinafasi."

Kitindamimba aliiweka rula chini.

"Za nini, mama?"

"Za kujinafasi, mwanangu. Mtu akiona futi hubana tumbo. Ukimshonea alivyobana, akiketi tu, suruali inapasuka. Kwa hiyo mimi huongeza kabla sijatamka."

"Mama, hili ni bati! Halina tumbo!"

"Sasa mimi ningejuaje? Ulisema nipime, nikapima."

Katika nyumba hiyo hakuna aliyewahi kusikia kipimo kikiwa uchi. Ndiyo maana mapazia yalifagia sakafu, na jokofu, lililonunuliwa kwa kipimo cha mama cha mlango wa jikoni, liliishi sebuleni.

Kitindamimba alimpigia simu muuzaji wa vipuri.

"Kadi fupi zipo, dada yangu," alisema muuzaji, "lakini leo duka limefungwa nami niko safarini. Njoo kesho asubuhi."

Kaka alisogea dirishani. "Kinyozi ananipungia mkono. Ule wenye wembe."

Kitindamimba aliketi sakafuni, kadi mapajani, kama mtu aliyeachiwa mtoto asiye wake. Ndipo cherehani ikanyamaza. Mama alikuja, akainama, akalikagua kasha kama anavyokagua mteja aliyenenepa.

"Nguo ikibana haitupwi. Hiki kinachobana kiunoni ni nini?"

"Ni feni, mama. Inavuta hewa."

"Na ni lazima ikae ndani ndiyo ivute?"

Kitindamimba aliikagua feni na matundu ya skrubu zake. Kisha akang'oa uso wa plastiki wa kasha, akaifungua feni, akaifunga upya kwa nje, katika matundu yale yale. Kadi ikateremka na kukaa. Mbele yake ikabaki nafasi ya upana wa kidole.

Tatizo jipya likazaliwa hapo hapo. Uso wa plastiki haukurudi tena, na feni ilibaki wazi katika chumba chenye nyuzi nyingi kuliko hewa.

"Lete wavu ule uliobaki kwenye shela ya bi harusi," alisema mama.

Alikata, akashona, akatia mpira pembeni na zipu katikati.

"Zipu ya nini, mama?"

"Ya kupangusia vumbi. Mimi sishoni kitu kisichofunguka."

Kompyuta ilisimama juu ya meza ikiwa imefunikwa uso kwa wavu mweupe wenye shanga tatu ambazo hakuna aliyepata muda wa kuzibandua. Kaka aligusa shanga moja.

"Sasa inaolewa?"

"Imeshaolewa," alisema Kitindamimba. "Imepata kadi inayoifaa." Akabonyeza swichi.

Iliwaka. Jina lake likatokea katika mchezo wakati saa ya ukutani ikiwa bado haijagusa kumi.

Kaka aliandika jina la dada yake katika nafasi ya mwisho. Kinyozi alizima mashine yake na kumalizia nusu ya pili ya kichwa cha mteja. Muuzaji alitumiwa picha, akauliza kama fundi anapokea oda. Mama alipima mahali pa meza mpya ya kompyuta, akatamka kipimo. Kitindamimba alimshukuru, akachukua rula, akapima tena.