Mtani wa Masele

Mwaka wa sabini na sita, tulipofanya mafunzo ya mgambo pale Geita, afande Thobias alisema kozi haiishi bila kupanda milima. Basi watu wazima na akili zetu tukatoka alfajiri, bunduki za mbao begani, mchanga kwenye mashanta mgongoni. Mimi, Bernadina, nilikuwa mwanamke pekee kikosini, na sikutaka mtu anibebee hata kikombe.

Mbele yangu walikwenda Masele, mfugaji aliyehamia kutoka Tinde, na Hatibu, Mzaramo mwenye duka la vitenge sokoni. Msukuma na Mzaramo ni watani, na hawa wawili hawakuvuka kilima bila kutukanana.

“Wewe Masele,” Hatibu alisema, “mwili wote huo wa ugali na maziwa unashindwa na kichuguu?”

“Nyie kwenu mnajua ngoma tu. Ukifika juu usianze kukata kiuno.”

Tulicheka. Lakini mimi nilimwona Masele akitetemeka kabla hata mvua haijaanza. Alikuwa na homa tangu jana yake na aliificha, maana mgonjwa alirudishwa nyumbani, naye alikuwa radhi kufa kuliko kurudi kabla ya wenzake. Wanaume bwana!

Tulipokaribia kilele, mvua ya mawe ikashuka pamoja na upepo. Mawe yalitupiga vichwani, njia ikawa utelezi mtupu. Masele akaanza kuyumba.

“Kufa basi, tule ubwabwa!” Hatibu akamwambia.

Afande akageuka. “Nani anamtakia mwenzake kifo? Utani uacheni majumbani kwenu! Wewe, njoo mbele, na nikisikia neno utashuka mlima kichurachura.”

Hatibu akaenda mbele. Tukatembea kimya. Haukupita muda Masele akakaa kando ya jiwe, bunduki yake mapajani, akafumba macho. Nikamtikisa.

“Nduhu, dada, hapana,” akasema. “Siwezi tena. Acha nilale kidogo.”

Midomo ilikuwa imepauka na mikono imekuwa ya baridi. Mimi si daktari, lakini usingizi ule niliuogopa. Wenzetu walijaribu kumbeba. Jitu lile, kwenye mteremko ule, wakaanguka naye. Afande akaja mbio.

“Simama! Hiyo ni amri!”

Masele hakufumbua hata jicho. Hapo hasira zikanipanda.

“Afande, amri yako haisikii. Mrudishe mtani wake!”

Alinitazama, maji yakimchuruzika kofiani. Haki yake nimpe: hakubishana, akamwita Hatibu.

Hatibu alikuja akiteleza, akapiga magoti, akamwinamia sikioni. Nilidhani atambembeleza.

“Lala, Msukuma, lala. Nakuja kwenye mazishi yako. Nitaingia kaburini nilale mimi kwanza, na sitoki mpaka baba yako anipe lile dume lako lenye nundu. Nitalichinja, na nyama nitawapa mbwa.”

Haikuwa porojo. Ndivyo watani wafanyavyo misibani, na ukoo mzima usingethubutu kumnyima. Masele alilijua hilo. Akafumbua jicho moja.

“Dume langu hulipati.”

“Nani atanizuia? Wewe si umelala?”

Masele akachomeka bunduki ya mbao kwenye tope, akaiegemea, akasimama.

Walishuka hivyo, Hatibu amemshika kiuno, akijigawia ng'ombe wa Masele mmoja baada ya mwingine, na Masele akimkatalia kila mmoja kwa sauti iliyozidi kudhoofika. Afande alifuata nyuma na mashanta yao. Nilimpenda kidogo siku ile.

Kambini tukamkuta mganga wa zahanati. Akamdunga Masele sindano, tukamfunika mablanketi karibu na moto. Hatibu akaketi kando yake na kikombe cha uji. Aliupuliza, akamnywesha taratibu, akampangusa kidevu kwa mkono wa shati lake. Hakusema neno.

Masele alimtazama kwa muda mrefu. Mlimani kote sikuona hofu usoni mwake, sasa niliiona.

“Mtani,” akanong'ona, “mbona hunitukani? Kwani ninakufa?”

Hatibu akafungua mdomo amtukane, asipate hata tusi moja. Akainamisha kichwa kwenye blanketi akalia kwa kwikwi, na ikabidi mgonjwa mwenyewe atoe mkono nje ambembeleze.