Hali ya Chuo ni Shwari

Msusi alikuwa ameinamia kichwa cha mteja, vidole vimejaa mafuta, mteja aliposema kwa sauti ya kupiga soga tu, "Hivi binti yako si anasoma kile chuo? Nasikia bweni la wasichana limeingiliwa na wezi."

Vidole vikasimama. "Umesikia wapi?"

"Mtoto wa dada yangu yuko hukohuko. Lakini labda ni maneno ya watu."

Msusi alifuta mikono, akampigia binti yake. Simu haipatikani. Akapiga chuoni; ikaita mpaka ikakata, akarudia, hadi akapokea msichana mmoja aliyesema taarifa zitatolewa kwa utaratibu.

"Utaratibu gani, mwanangu? Nauliza kama mtoto wangu ni mzima."

"Mama, mimi ni wa mapokezi tu."

Mumewe, mwoka mikate, alifika na unga bado nyusini. Binti yao huyo alikuwa amerithi jina la bibi yake, ndiyo maana baba mtu alizoea kumwita "mama." Walikuwa wanafunga mlango simu zao zilipolia kwa pamoja. Ujumbe ulikuwa mmoja: Mzazi mpendwa, hali ya chuo ni shwari. Puuza uvumi.

"Unaona?" mume alisema, lakini funguo alizitia mfukoni.

"Lisemwalo lipo," mkewe akajibu. "Twende."

Getini walizungushwa weee, mpaka wakapelekwa kwa mlezi wa wanafunzi, mwanamke nadhifu mwenye ofisi inayonukia dawa ya sakafu. Aliwakaribisha kwenye kochi. Hawakukaa.

"Binti yenu ni mzima," alisema. "Tulichokwepa ni kuzua taharuki."

"Taharuki tumekuja nayo kutoka nyumbani," alisema mwoka mikate. "Tupe mtoto."

Aliletwa akiwa amevaa kandambili za kuazima, kila mguu na rangi yake. Baba yake alisema, "Mama," kisha akamvuta kifuani.

"Simu zetu wamechukua," binti alisema. "Walipita mlango wa nyuma. Komeo lake bovu tangu mvua zianze. Tuliripoti, tukaambiwa fundi anakuja." Mlezi alikuwa anapanga kalamu mezani. "Mwenzangu alikataa kuachia kompyuta yake. Alisema ina kazi yake yote ya mwaka. Wakampiga nondo ya kichwa. Wamempeleka hospitali."

Msusi alimjua msichana huyo. Siku ya kuhamia bwenini, yeye na mama yake, mjane mmoja mcheshi, walisaidiana kupandisha magodoro ngazini, wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu hapo wakaitana "pacha."

"Mama yake yuko naye?"

"Hajaambiwa," binti alisema.

"Chuo kitawasiliana na familia baada ya kikao," mlezi aliingilia. "Lazima tuwe na kauli moja."

Msusi alitoka kwenye korido, akapiga simu. Mwenzake alipokea kwa bashasha.

"Pacha wangu! Nilishaanza kuingiwa na hofu, mara nikapata ujumbe wa chuo. Roho imetulia, sasa hivi napika."

"Zima jiko, pacha."

"Kwa nini?"

"Zima kwanza, ukae."

"Niambie nikiwa nimesimama."

Akamwambia. Hakusikia kilio. Alisikia sufuria ikiepuliwa, ikiwekwa chini taratibu, kisha sauti nyembamba ikasema, "Nakuja." Nyumbani kwake kulikuwa mbali, safari ya kutwa nzima na zaidi.

Wale watatu walienda hospitali ili msichana asiwe peke yake. Walimkuta kichwa kimefungwa bendeji, macho yamefumba. Msusi alimshika mkono, akawa anamwambia mama yako ameshapanda gari, mama yako yuko njiani. Hakujua kama anasikia. Kesho yake asubuhi muuguzi alikuja, akamwomba auachie ule mkono.

Msusi alimngojea pacha wake mlangoni mwa hospitali. Mjane aliposhuka na begi lake, alimtazama usoni, akaliweka begi chini.

"Hakunisubiri?"

"Alijaribu," msusi alisema.

Mjane aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali bei asiyoiweza. Kisha akamgeukia binti, aliyesimama nyuma ya baba yake akitazama chini, hathubutu kusogea.

"Wewe ulikuwa naye," alimwambia. "Njoo tuingie wote. Nataka unieleze yote, hata yale unayodhani siyawezi."

Binti alimfuata, akiburuza kandambili. Mwoka mikate akaokota begi.

Rambirambi za chuo ziliingia kwenye simu jioni, na jina la marehemu lilikuwa limekosewa. Binti hakurudi kule tena. Mwaka uliofuata alipata nafasi chuo kingine, jirani na nyumbani, akawa analala kwao. Na mchana, akichelewa kidogo tu, mama yake huacha kichwa cha mteja na kwenda kusimama barabarani.