Injini Iliyowaka Kinyume

Mkokoteni ulisimama mlangoni mwa karakana wakati Mama Grisi akichovya mkate kwenye chai, na chai ile hakuimaliza. Juu ya mkokoteni palikuwa na injini ya zamani ya silinda moja, ile aina inayofungwa tumboni mwa boti. Ilikuwa imevaa matope na magamba ya konokono hata asiyejua angedhani ni kichuguu. Mama Grisi alijua. Aliweka kikombe chini, akaanza kuizunguka.

Aliyeinunua alifika nyuma kwa gari. Ndiye mwenye boti zote za kuvusha watu pale mjini, na watu walimwita Bosi, hata wale ambao hakuwaajiri. Alikuwa ameiona kwa wauza vyuma chakavu, ikampendeza.

"Nataka niiweke ukumbini, kwenye ofisi mpya," alisema. "Ing'ae, na wageni wakija ingurume kidogo. Halafu uniambie ilikuwa ya boti gani. Kibati cha namba hakipo."

"Kibati kitu gani, Bosi? Injini ina sura yake. Niachie mimi."

Alisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaanza kuonekana. Pistoni ilikuwa imekwama kama jino la mzee mbishi. Alimimina mafuta, akasubiri, akagonga kwa gogo la mti, kwa maana chuma hakigongwi kwa chuma, akamimina tena. Asubuhi pistoni iliposogea upana wa ukucha, alipiga kelele hata fundi cherehani wa jirani akaja mbio na futi shingoni.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Amefufuka!"

Siku hiyo hiyo alifika kwenye skrubu. Alisafisha ya kwanza, mkato wa kichwani mwake, ule wa kuingizia bisibisi, umesimama wima. Ya pili, wima. Zote za upande ule zilikuwa wima, zimepangwa kama watoto wa shule. Mama Grisi aliketi sakafuni, grisi hadi kwenye nyusi, akacheka peke yake huku machozi yakimtoka.

Mtu mmoja tu ndiye aliyefunga skrubu namna ile, naye ni kaka yake, tumbo moja. "Mkato ukilala, maji yanakaa," alizoea kumwambia alipokuwa akimfundisha kazi. "Maji yakikaa, kutu inakula." Kaka alikuwa fundi wa injini kwenye boti ya Bosi iliyozama katikati ya safari pamoja na abiria wake. Bosi alisema fundi alilala kazini, na maneno ya Bosi yalikuwa na miguu mirefu. Tangu hapo hakuna aliyemtaja marehemu kwa jina. Walimwita aliyezamisha watu, hata msibani kwake. Mama Grisi hakuwahi kuyaamini, ila hakuwa na kitu cha kuonyesha.

Sasa alikuwa nacho. Ubavuni mwa injini, mahali pa pampu ya kutoa maji yanayoingia botini, hapakuwa na pampu. Palikuwa na kipande cha bati kilichoziba matundu, na skrubu zake zimelala ovyo, kila moja na upande wake. Haikuwa kazi ya kaka. Mama Grisi alituma mtu akamwite Bosi, na kabla Bosi hajafika, furaha ilimshinda, akaamua kuiwasha.

Alikipasha moto kichwa cha injini kwa tochi ya mafuta, ile itoayo mwali wa moto, hadi kikawa chekundu, akashika gurudumu la kuiwashia. Injini hizi hazijali mbele wala nyuma. Ukilirusha gurudumu vibaya, hurudi kinyume na kuendelea hivyo hivyo. Fundi mzoefu hakosei. Mama Grisi, kwa raha aliyokuwa nayo, alikosea.

Injini ilishika. Bomba la moshi halikutoa moshi, lilitema maji. Yakafuata matope, kiatu cha mtoto, mwavuli uliofungwa vizuri, kisha kaka yake, ambaye ilibidi ageuze mabega kidogo ili apite.

"Mdogo wangu, inazunguka kinyume," alisema.

"Najua, kaka. Nilichangamka."

"Si kitu. Inaitika vizuri." Aliomba kitambaa, akafuta mikono. Mama Grisi alimkumbatia na maji yake yote, akampa chai. Fundi cherehani alichungulia mlangoni.

"Umepotea sana, bwana."

"Kazi tu," kaka alijibu.

Bosi alipofika, alimpa kaka mkono na kumuuliza habari za siku nyingi. Mama Grisi hakungoja salamu ziishe. Alimshika Bosi mkono hadi kwenye bati.

"Injini hii ni yako, Bosi. Pampu yake ilitolewa. Kaka, sema!"

"Niliikuta haipo asubuhi ile," kaka alisema. "Nikakwambia. Ukasema tuvuke tu, safari yenyewe fupi."

Bosi alifikiri kidogo. "Kweli, uliniambia. Pampu iko kwangu, inamwagilia maua. Haijawahi kunisumbua hata siku moja." Kisha akacheka. "Kumbe injini yangu mwenyewe! Nimeinunua mara mbili."

Fundi cherehani alikubali kwamba pampu za siku zile zilikuwa imara. Mama Grisi aliwatazama wote kwa zamu, akisubiri. Mafuta yakaisha, injini ikazimika, na kwenye kigoda kilichokaliwa na kaka yakabaki maji.

Injini ikapelekwa ukumbini, ikang'arishwa, ikafungiwa kibao cha shaba: INJINI YA BOTI ILIYOZAMA KWA UZEMBE WA FUNDI WAKE. Kila Ijumaa Mama Grisi huenda kuiwasha, naye huiwasha kinyume, safari hii kwa kusudi. Bosi hana neno, mradi sakafu ipigwe deki baadaye. Kaka hutoka, na dada wa mapokezi humpa taulo.

Ijumaa ya kwanza, kaka alikisoma kibao mpaka mwisho. Akanyoosha mkono.

"Nipe bisibisi."

Mama Grisi hakungoja aombwe mara ya pili. Aliitoa mfukoni kwa haraka hata ikataka kumponyoka. Kaka aliinama, akaigusa skrubu ya kwanza, akaizungusha kidogo. Akaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Aliporudi nyuma, kibao kilikuwa palepale, na mikato yote minne imesimama wima.

"Walifunga ovyo," alisema, akimrudishia bisibisi. "Maji yangekaa."

Mama Grisi akammiminia chai. Mafuta yalikuwa bado nusu tangi.